Mwanga Uliojifanya Atomi

Kihisi chetu cha kuhesabu atomi zisizo na chaji kilikuwa ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichotolewa karibu hewa yote, katika maabara moja huko Marekani, na hesabu zikaanza kupanda kabla hatujafungulia gesi. Hazikupaswa kupanda. Katika mtambo ule, ioni za hidrojeni zilisukumwa kwa volti 835 hivi, zikapata nishati ileile ya protoni inayokwenda kilomita 400 kwa sekunde katika upepo wa jua, ule mkondo wa chembe utokao kwenye Jua. Zilipita katika kichumba chenye gesi kidogo, baadhi zikanyakua elektroni na kuwa atomi zisizo na chaji. Zilizosalia na chaji zilivutwa pembeni na mabamba mawili ya umeme. Pasipo gesi, zingefika atomi chache mno, zile zitokanazo na mabaki ya hewa.

Tulizima mabamba, tukayawasha tena: hesabu hazikubadilika sana. Basi kilichokuwa kikiingia hakikuwa na chaji, wala hakikuwa atomi. Ulikuwa mwanga. Hidrojeni inayong'aa ndani ya chanzo cha ioni hutoa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 121.6, na fotoni moja ya mwanga huo hubeba nishati ya elektronivolti 10.2, zaidi ya kutosha kung'oa elektroni kwenye bamba la tungsteni lililong'arishwa. Bamba hilo kazi yake ni kuzipa atomi chaji hasi ili ziweze kuongozwa na umeme. Elektroni nazo ni hasi, hivyo zikavutwa njia moja na atomi hizo.

Tukaangalia muda wa safari, yaani muda wa chembe kutoka kigunduzi cha kuanzia hadi cha kumalizia. Ioni hasi ya hidrojeni iliyosukumwa na umeme hadi elektronivolti 16,000 huvuka sentimita 5 kwa nanosekunde 29 hivi. Ya oksijeni huchukua karibu 114. Grafu yetu haikuwa na kilele popote, ilikuwa tambarare. Huo ndio mwenendo wa sadfa: kigunduzi cha kuanzia kikihesabu mara 20,000 kwa sekunde na cha kumalizia mara 5,000, dirisha la nanosekunde 200 hukubali jozi 20 za uongo kila sekunde.

Dawa ilikuwa kukihamisha chanzo pembeni na kuzipindisha ioni kwa sumaku kabla ya kichumba cha gesi. Mwanga haupindi. Gesi ilipofunguliwa baada ya hapo, kilele kilisimama karibu na nanosekunde 30, na ilipofungwa kikatoweka. Nilifurahi mno.

Angani sumaku hiyo haipo, na atomi za upepo wa jua hutoka upande wa Jua, uleule unaotoka mwanga wake wa urujuanimno. Chombo cha angani cha IMAGE, kilichorushwa Machi 25, 2000, kilikuwa na kihisi cha LENA chenye tungsteni ya namna hiyo, nacho kiliona atomi za upepo wa jua hata kikiwa ndani ya ngao ya sumaku ya Dunia, ambako protoni za upepo huo kwa kawaida hukingwa. Kwa hiyo siku iliyofuata tuliurudisha mwanga wa urujuanimno, safari hii makusudi, tupime ni fotoni ngapi huzaa hesabu moja ya uongo.