Mvumo wa hezi 62.5 uliosingiziwa umeme wa ukutani

Karibu kila niliyemuuliza kuhusu mvumo kwenye kirekodi changu cha sauti alikuwa na jibu lilelile: maiki mbovu, nunua ya bei. Maiki yangu ni kile kibao kidogo cha MAX4466, nilikipata kwa elfu kumi na kitu pamoja na nauli ya bodaboda, na hakina ubaya wowote. Nilitaka kurekodi mizinga ya nyuki ya mjomba huko Sikonge usiku kucha, ESP32, kibao chenye kompyuta ndogo, ikihifadhi sauti kwenye memori kadi. Nyuki walisikika, lakini chini yao palikuwa na mvumo mzito usiokoma.

Fundi redio mmoja ninayemheshimu sana alisikiliza kidogo tu akakata shauri: "Mdogo wangu, huo ni umeme wa ukutani. Hezi hamsini. Achana na chaja." Haya, mzee. Nikaweka powerbank, mvumo upo. Nikapeleka mitambo shambani, mbali na nguzo yoyote, mvumo upo. Mwingine akaniambia niongeze kapasita kubwa kwenye volti 5. Nikaweka ya maikrofaradi 2,200, na matokeo yake pekee ni kwamba kasha likagoma kufunga.

Nikaachana na washauri, nikaihoji sauti yenyewe. Faili nikalifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye mchoro wa masafa, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde (hezi). Kilele hakikuwa 50 hata kidogo, kilikuwa 62 na ushei. Namba gani hii? Nikashika kikotoo. Narekodi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, kila moja baiti 2, jumla baiti 32,000. Programu yangu inaandika kwenye kadi kila zikijaa baiti 512. Gawanya uone: mara 62.5 kwa sekunde! Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia.

Lakini mwizi lazima akamatwe na kuku mkononi. Nikashusha sampuli hadi 8,000, na mvumo ukashuka nao hadi 31. Umeme wa ukutani utajuaje kwamba nimepunguza kasi ya kurekodi? Kisha nikarekodi sekunde tatu kwenye RAM tu, kumbukumbu ya ndani ya ESP32, bila kuigusa kadi. Kimya. Nikasikia hadi jogoo wa mtaa wa pili.

Nilijaribu na njia ya mkato, kuandika baiti 4,096 kwa mpigo. Mvumo uliondoka kweli, pakaja tiki-tiki-tiki karibu mara nane kwa sekunde, kama saa ya ukutani iliyopandwa na kichaa. Afadhali mvumo.

Ni hivi: kadi inapoandika huvuta makumi ya miliampea kwa mkupuo, nyingine hupita 100, na ile volti 3.3 inayolisha kadi na maiki inazama kidogo. MAX4466 hukalisha sauti katikati ya volti inayolishwa, kwa hiyo chakula kikitikisika, sauti nayo inatikisika. Lile pipa langu la kapasita lilikuwa upande wa volti 5, kabla ya regyuleta inayoishusha kuwa 3.3, wakati fujo yote iko baada yake.

Waya wa chanya wa maiki nikaupitisha kwenye rizista ya omu 100, halafu kapasita ya maikrofaradi 470 kutoka hapo kwenda hasi, pembeni yake nyingine ndogo ya nanofaradi 100. Maiki inakula umeme kiduchu, rizista haiiumizi. Kelele ikapungua sana, ila haikuisha. Kilichoimaliza ni waya wa hasi. Maiki na kadi zilikuwa zinachangia waya mmoja mwembamba wa bredibodi (kibao cha kuchomekea vifaa bila kulehemu), nikazitenganisha, kila moja ikarudi kwa njia yake hadi GND, pini ya hasi ya ESP32. Kadi nayo nikaiwekea maikrofaradi 100 mlangoni pake. Vifaa vyote hivyo havikufika hata bei ya chipsi mayai.

Wi-Fi iwe imezimwa wakati wa kurekodi, maana redio yake ikituma hunyonya mamia ya miliampea.

Powerbank nayo inanisumbua bado. Kirekodi kinakula kidogo mno, yenyewe inadhani hakuna kilichochomekwa, inajizima katikati ya usiku. Nahamia betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara, na regyuleta isiyopoteza volti nyingi. Zile bodi za kupandisha volti sizigusi, nazo zina filimbi zao.