Chakula cha asili cha binadamu: meno hayatatusaidia

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu chakula cha asili cha binadamu najua haitachukua muda mtu ataleta habari ya meno. Wa upande wa nyama anaonyesha machonge, tazama haya ni ya kuchania, wa upande wa mimea anajibu kwa magego mapana na taya linaloenda kushoto kulia, na hapo wanaweza kukesha. Mi sioni kama meno yanaamua kitu. Gorila dume ana machonge ambayo yetu ni mzaha mbele yake na anashinda anatafuna majani na mabua, yale ni ya kutishia madume wenzake tu. Na yetu yalianza kufupika mamilioni ya miaka nyuma, kabla hata ya dalili za kula nyama nyingi.

Mfano mzuri ni Paranthropus boisei, ndugu wa zamani wa binadamu aliyekwisha kutoweka, yule ambaye mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata fuvu lake Olduvai mwaka 1959. Magego makubwa, taya nene, basi watu wakambatiza mvunja njugu. Baadaye kabisa wakaja kupima kaboni iliyobaki kwenye meno yake, kwa sababu nyasi za nchi za joto zinaacha alama tofauti na miti, ikaonekana jamaa alikuwa anakula nyasi na ndago kwa wingi, njugu si sana. Sasa kama meno yamewapoteza wataalamu kwa miongo kadhaa, wewe na kioo cha bafuni utaamua nini?

Kitu ambacho pande zote mbili wanakiruka ni kwamba binadamu alianza kusaga chakula nje ya mdomo zamani sana. Zana za mawe za Lomekwi kule Turkana zina miaka kama milioni 3.3, za Gona Ethiopia kama milioni 2.6, na kuanzia kipindi hicho cha pili mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa inaanza kuonekana vizuri. Mwaka 2016 watafiti Katherine Zink na Daniel Lieberman walitoa matokeo ya jaribio moja nalipenda sana, waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi watafune. Ikiwa nzima haikatiki, unatafuna unatafuna bado ni donge lile lile. Ikikatwa vipande kwa jiwe inatafunika, na mizizi kama karoti ikipondwa kwanza nayo inapungua kazi. Yaani hata kabla ya moto, jiwe lilishachukua sehemu ya kazi ya taya, ndo maana taya likaweza kupungua bila mtu kufa njaa.

Moto nao ndo kabisa. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya nishati ukiwa umepumzika, na mwaka 1995 watafiti Leslie Aiello na Peter Wheeler walipendekeza kwamba gharama hiyo ililipwa kwa kupunguza utumbo, kitu kinachowezekana tu ukila chakula chenye nishati nyingi na laini. Wao walisisitiza nyama, mtafiti mwingine Richard Wrangham akasema hapana, ni kupika. Hoja ya Wrangham inanivutia zaidi, shida yake ni kwamba anahitaji moto wa karibu miaka milioni 2 iliyopita na majivu ya kuaminika pango la Wonderwerk Afrika Kusini ni ya kama milioni 1, hapo katikati kuna pengo kubwa.

Alafu ushahidi wenyewe unapendelea upande mmoja, mfupa unabaki, kiazi kinaoza. Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia, walipopimwa naitrojeni kwenye mifupa, ambayo alama yake hupanda kadiri mtu anavyokula nyama, walionekana wala nyama wakubwa, karibu na mbwa mwitu. Ila ukoga uliogandamana kwenye meno yao, ya Shanidar Iraki na Spy Ubelgiji, ulikutwa na chembe za wanga na baadhi zilishapikwa! Kiumbe ni kile kile, inategemea tu umechungulia wapi.

Na tangu kilimo kuanza mwili haujakaa ukisubiri. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulizuka kivyake Ulaya na kivyake kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, kwa mabadiliko tofauti ya jeni, yote ndani ya miaka 10,000 hivi. Anayetaka kula kama wa zama za mawe kwa sababu eti jeni ziligoma kubadilika pale, naona hapo amekwama.

Wa upande wa nyama wana hoja moja nzito, vitamini B12, bila vyakula vya wanyama unahitaji kidonge au chakula kilichoongezewa, na huo ni ukweli ambao asiyekula kabisa vitu vya wanyama asiupuuze. Ila kusema kidonge kinathibitisha mlo huo si wa asili, wakati anayesema hivyo anasubiri nyama yake iive jikoni, hapo mimi nacheka. Kama swali ni mlo gani unaleta kisukari au unaziba mishipa, basi wapimwe watu walio hai kwa miaka mingi, fuvu la Olduvai halina jibu la hilo.