Pombe ya Kupunguza Mawazo na Msongo Inaoutengeneza

Watu wengi wanaokunywa baada ya siku ngumu husema wanakunywa ili kupunguza mawazo, na ni vyema kukubali tangu mwanzo kwamba hawasemi uongo. Pombe hutuliza kweli, tena hutuliza haraka. Ninaandika haya kwa sababu nimechoshwa na mazungumzo ambayo huishia ama kumlaumu mnywaji kwamba hana msimamo, ama kumbembeleza kwamba kila mtu ana starehe yake. Utafiti wa ubongo wa miongo minne iliyopita umeonyesha jambo tofauti na yote mawili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kwa mtu aliyekunywa sana na kwa muda mrefu, msongo anaoutuliza kwa glasi ya leo umetengenezwa, kwa sehemu kubwa, na glasi zilizotangulia.

Ili jambo hilo lieleweke, inabidi tuanze na kemia ya glasi ya kwanza. Seli za neva hupelekeana taarifa kwa kemikali, na kati ya kemikali hizo mbili ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa kazi: gaba, ambayo hupunguza kasi ya seli, na glutamati, ambayo huzichochea. Ethanoli, yaani kilevi chenyewe kilichomo katika kila aina ya pombe, huongeza nguvu ya gaba na wakati huohuo huzuia baadhi ya vipokezi vya glutamati, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hasa vile viitwavyo NMDA, jambo ambalo watafiti walilionyesha kwenye seli za neva maabarani mwaka 1989. Kwa hiyo breki hukazwa na mafuta hupunguzwa kwa mkupuo mmoja. Juu ya hayo, ubongo huachia endofini, ambazo ni kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, na dopamini huongezeka katika eneo linalohusika na kujifunza kile kinachofaa kurudiwa. Mtu hutulia, hujisikia vizuri, na ubongo wake huweka kumbukumbu ya njia aliyopitia kufika hapo.

Tatizo ni kwamba ubongo haukubali kusukumwa upande mmoja bila kujibu. Mtu anapokunywa kwa wingi siku baada ya siku, vipokezi vya gaba hupungua makali na vile vya glutamati huongezeka, ili kazi iendelee licha ya kilevi kuwapo. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja akiwa upande wake: mlango unaonekana umetulia, lakini mmoja akiachia ghafla, mwenzake hupitiliza na kuanguka mbele. Pombe ikitoka mwilini, ule msukumo wa kujibu hubaki peke yake. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hukatika alfajiri na mtu hulala macho akiwa na hofu isiyo na jina, na kwa walioathirika zaidi hufuata degedege, ambalo kwa kawaida hutokea kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, au hali ya kuweweseka na kuona visivyokuwapo, ambayo mara nyingi huanza siku ya pili au ya tatu na inaweza kuua. Nasisitiza hili kwa sababu ndugu wenye nia njema humfungia mnywaji ndani na kumnyima pombe kabisa wakiamini wanamsaidia. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku anapaswa kuacha akiwa chini ya uangalizi wa daktari, ambapo zipo dawa za kuishikilia breki ya gaba hadi ubongo urudi taratibu katika hali yake, pamoja na vitamini B1 ambayo ukosefu wake unaweza kuharibu kumbukumbu bila kurudi.

Anayezimua asubuhi hutulia ndani ya dakika chache. Nafuu anayoipata ni ya kweli, lakini ni nafuu ya ugonjwa ulioletwa na kinywaji kilekile.

Mpaka hapo nimezungumzia gaba na glutamati tu, na zingekuwa hizo peke yake, basi wiki moja au mbili za matibabu zingetosha kumaliza kazi. Lakini hazitoshi, na sababu ya kutotosha imejificha katika mfumo wa msongo wenyewe. Mwaka 1981, Wylie Vale na wenzake katika taasisi ya Salk huko Marekani walitangaza muundo wa peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, yenye amino asidi 41, waliyoichambua kutoka kwenye ubongo wa kondoo, ambayo leo hujulikana kwa kifupi kama CRF. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huiachia tunapokabiliwa na tishio. CRF huiamrisha tezi ya pituitari, ambayo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo, na kotisoli, homoni ya msongo, humwagika kwenye damu. Huo ndio mnyororo wa msongo unaofundishwa darasani, na pombe huugusa moja kwa moja, kwa kuwa kunywa kwa wingi kwenyewe hupandisha kotisoli hata kwa mtu ambaye hana jambo lolote linalomsumbua.

Hata hivyo CRF haifanyi kazi kwenye mnyororo huo tu. Imo pia ndani ya amigdala, kiini kidogo kilichozama pande zote mbili za ubongo na ambacho hushughulika na hofu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, panya waliozoeshwa pombe waliwekewa kijibomba chembamba ndani ya amigdala ili kupima kemikali zilizoachiwa humo, kisha pombe ikasimamishwa. Saa zilivyopita, CRF ilipanda. Kwa George Koob, mtafiti ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hili na ambaye mwaka 2014 alikabidhiwa uongozi wa taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti matumizi mabaya ya pombe, matokeo ya namna hii yanabadilisha maana nzima ya uraibu: mtu huanza kunywa akifuata raha, lakini anaendelea kunywa akikimbia maumivu. Raha hupungua kwa sababu mfumo wa dopamini umedhoofika, huku mfumo wa msongo ukiwa umeinuliwa na kubaki juu, na hapo mambo madogo ambayo mtu mwingine angeyapita bila kuyaona humwelemea.

Mtafiti Rajita Sinha wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, amelifuatilia jambo hili kwa binadamu kwa njia ninayoiona ya busara sana. Badala ya kuwapa watu msongo wa kubuni, humwomba kila mshiriki asimulie tukio lililomwumiza katika maisha yake mwenyewe, likiwa na maelezo ya alipokuwa, alichoambiwa na jinsi mwili wake ulivyojisikia, kisha simulizi hilo hurekodiwa na kusikilizwa kwa dakika chache katika maabara, siku tofauti na simulizi la kutuliza. Kwa watu walio katika wiki za kwanza za kuacha, simulizi la msongo huamsha hamu kali ya pombe, na ukali wa hamu hiyo husaidia kubashiri nani atarudi kunywa. Lakini matokeo yaliyonigusa zaidi, yaliyochapishwa mwaka 2013, ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ya wagonjwa hawa, ile inayosaidia kuzuia misukumo, ilikuwa inachemka wakati wa simulizi la kutuliza na kulegea wakati wa msongo, yaani kinyume cha inavyotakiwa, na walioonyesha mchemko huo ndio walioelekea zaidi kurudi kunywa. Mtu anayeambiwa "tulia tu" huenda hana kifaa cha kutulia nacho kwa wakati huo.

Si kila anayekunywa hufika huko, na swali la kwa nini limepata jibu la kuvutia kutoka Linköping nchini Uswidi. Watafiti huko waliwafundisha panya kubonyeza kijiti ili wapate pombe, kisha wakawawekea kijiti cha pili kilichotoa maji matamu. Wengi waliiacha pombe mara moja. Takriban asilimia 15 waliendelea kuichagua, hata ilipotiwa uchungu au ilipoambatana na mshtuko wa umeme miguuni. Ndani ya amigdala za panya hao, ile protini inayoondoa gaba iliyozidi nje ya seli, iitwayo GAT-3, ilikuwa imepungua. Na protini hiyo ilipopunguzwa kwa makusudi katika amigdala za panya waliopenda maji matamu, nao wakageukia pombe. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018, na watafiti walikuta upungufu kama huo kwenye sampuli za ubongo wa watu waliofariki wakiwa na uraibu wa pombe. Panya hana sifa ya kulinda wala malezi mabaya ya kulaumiwa, na bado wachache wao walishikilia kilichowaumiza. Sioni namna ya kuyasoma matokeo hayo na kuendelea kusema kwamba suala zima ni utashi.

Matibabu nayo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Dawa za kuzuia CRF zilifanya kazi nzuri kwa panya, lakini mbili kati yake, peksasefonti na verusefonti, zilipojaribiwa kwa watu wenye uraibu wa pombe, hazikupunguza hamu ya kunywa. Hilo liliwavunja moyo wengi, ingawa kwangu halibomoi nadharia nzima, kwa sababu mfumo wa msongo una kemikali nyingine, ikiwemo noradrenalini, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari. Mwaka 2021 kundi la Sinha lilichapisha jaribio la watu 100 lililotumia prazosini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu inayozuia baadhi ya vipokezi vya noradrenalini. Walionufaika hasa ni wale walioingia kwenye matibabu wakiwa na dalili nyingi za kuacha pombe: kutetemeka, wasiwasi, kukosa usingizi. Wasio na dalili hizo hawakuona tofauti kubwa. Naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya uraibu wa pombe mwaka 1994, hufuata njia nyingine kwa kuzuia vipokezi vya endofini, kwa hiyo hugusa zaidi raha ya kunywa kuliko dhiki ya kutokunywa. Ndiyo maana maswali ya daktari yanapaswa kwenda mbali zaidi ya idadi ya chupa: glasi ya kwanza inampa mgonjwa nini, usingizi wake ukoje siku asiyokunywa, na mikono yake hufanya nini asubuhi kabla hajagusa chochote.