Betri ya mashua juu ya meza ya chakula
Wiki tatu sasa meza yetu ya chakula hapa South B, Nairobi, imegeuka karakana, kwani ndipo ninapounda betri ya lithiamu ya mashua ya tanga ya binamu yangu wa Kilifi, aliyechoshwa na moshi wa dizeli. Nimeunganisha kwa mfululizo seli 16 za volti 3.2, kila moja ya ampea-saa 280, nikapata volti 51.2, yaani takriban kilowati-saa 14. Mota ikivuta kilowati 5, chaji haifikishi saa tatu. Tanga bado lina kazi. Jana, wakati wa kuchaji, seli ya tisa ilionekana kujaa kabla ya nyingine, kidhibiti cha betri kikakata umeme. Kumbe nati ya kiungo chake ilikuwa imelegea, ndiyo maana volti zake zilisomeka juu kuliko zilivyo, na nilipoigusa nati hiyo ilikuwa ya moto. Afadhali imelegea hapa mezani.