Chemko ambalo redio haikunipa

Mpaka mwaka 1984 Sikinde, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park, kwangu ilikuwa sauti tu. Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini, lakini kwetu Kilosa hiyo ilikuwa habari ya kusimuliwa. Muziki wote ulipitia Redio Tanzania Dar es Salaam, na redio yenyewe ilitegemea betri ambazo siku hizo dukani zilikuwa adimu kama sukari. Tulizianika juani zile zilizochoka, tukazigongagonga, zikakubali kuimba nyimbo mbili tatu kabla ya kufifia tena.

Nilikuwa na daftari la mashairi ya Mlimani Park. Mstari ulionipita niliuachia nafasi, nikangoja siku wimbo utakaporudi. Kwa waimbaji wao, nilijua Bitchuka anaingia wapi na Gurumo anapokea wapi, ingawa sura zao sikuwahi kuziona hata gazetini. Nikikumbuka vizuri, nilikuwa na kiburi fulani cha mtu anayejua.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapanda treni kwenda Dar kukaa kwa mjomba, Ilala. Mjomba alikuwa mtu wa Msondo, bendi pinzani, Msondo wa damu, tangu bendi hiyo ikiitwa NUTA Jazz. Mwaka 1978, bendi ikiwa imeshabadili jina kuwa Juwata, Gurumo aliondoka akaenda kuanzisha moto Mlimani Park, na Bitchuka akamfuata baadaye. Mjomba hakuwasamehe. Akiwasikia redioni alizima, kisha baada ya dakika anawasha tena. "Hawa ni watu wetu," alikuwa akisema, "wameazimwa tu." Wakati huo Sikinde ilikuwa mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la jiji, na Msondo ni wa jumuiya ya wafanyakazi. Kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa, ukitaka kuutazama hivyo, ugomvi wa mashirika mawili ya umma. Na majina yote mawili ni ya ngoma za Wazaramo! Mjomba hakutaka kulisikia hilo.

Jumapili moja akaniambia, "Mjomba, oga uvae, twende DDC Kariakoo nikawaangalie watu wangu." Nilivaa shati lake, likanipwaya mabegani.

Ukumbini nilitangulia kushangaa jinsi wapulizaji wanavyosimama mstari mmoja na kuinua tarumbeta na saksafoni kwa pamoja. Redioni nilidhani ni kitu kimoja kinacholia. Magita nayo niliyahesabu upya: solo, rizimu, besi, na lile la katikati ambalo kwa miaka yote nilikuwa nikilisikia bila kujua lipo. Wakaanza wimbo ambao ulikuwa ukurasa mzima wa daftari langu. Nikaimba kila neno. Mama mmoja meza ya jirani akageuka kuniangalia, akacheka, akaimba na mimi.

Beti zikaisha. Redioni hapo ndipo mtangazaji alipokuwa akishusha sauti ya wimbo na kusoma salamu zinazofuata. Nikanyamaza, nikakaa tayari kupiga makofi.

Hawakumaliza. Tumba likabadilika, solo likaanza kuzunguka pale pale mahali pamoja, waimbaji wakarudi nyuma hatua moja na wapulizaji wakasogea mbele. Meza zikabaki tupu. "Chemko hilo," mjomba akanipigia kelele sikioni, "simama!" Dakika zikapita, wakabadilisha kiitikio, wakapunguza mpaka nikadhani basi, kisha tarumbeta zikaingia upya kwa nguvu na ukumbi ukapiga ukelele mmoja. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba studio ya redio ilirekodi bendi nzima kwa mkupuo mmoja, mashairi yakiwa yamekwisha kupitiwa na kamati, na wimbo ulipaswa kuingia ndani ya muda wa kipindi. Siilaumu sana, maana bila kanda zile leo tusingekuwa na kitu. Lakini yule mtu wa Kilosa mwenye daftari alikuwa na mashairi tu. Muziki wa dansi ulikuwa huku, kwenye sehemu isiyo na maneno ya kuandika.

Katikati ya chemko nikamtafuta mjomba. Yuko mbele jukwaani, mtu wa Msondo wa damu, analamba noti na kumbandika Gurumo kwenye paji la uso. Akaongeza ya pili. Aliporudi mezani nikamtazama bila kusema neno.

"Nimemtuza Gurumo," akasema. "Sikumtuza Sikinde."

Njiani kurudi Ilala, kwa miguu, alinieleza kwa kirefu kwamba chemko la Sikinde ni zuri, ila lina adabu nyingi mno, na kwamba nisitoe hukumu kabla sijasikia ngumi za Msondo. Wiki iliyofuata akanipeleka. Kwenye tarumbeta nilikubali yaishe: Msondo wanapuliza kwa hasira ambayo Sikinde hawana, na mpaka leo sijabadili msimamo huo. Kwenye sauti sikukubali, na mjomba mpaka anafariki alikuwa akiniambia kwamba hizo sauti ninazozisifia ni za kwake.