Harufu ya siki

Jana nilifungua chupa ya achari jikoni, na ile siki iliponipanda puani nikajikuta Koenji, Tokyo, mwaka 2011, kwenye chumba cha ukubwa wa mikeka sita cha mzee mmoja mpiga filamu.

Filamu yake ya magenge ilianza kupigwa mwaka 1986, na mpaka siku hiyo ilikuwa haijaisha. Fedha, kama kawaida. Bastola zote zilikuwa za plastiki, maana tangu 1971 sheria ya Japani inataka bastola bandia za chuma zipakwe rangi nyeupe au njano, na genge lenye bastola za njano nani ataliogopa? Kidole kilichokatwa kilikuwa kidole kilichokunjwa, kikapakwa nta.

Karibu yote aliipiga kwa kaseti za Single-8 za Fuji, filamu nyembamba ya milimita 8, mita 15 kila moja, dakika 3 na sekunde 20 ukienda picha 18 kwa sekunde. Ile ni poliesta, plastiki ngumu. Gundi ya filamu haiishiki, huungwa kwa utepe tu. Na negativu hakuna: kilichopita kwenye kamera ndicho kinachopita kwenye projekta, ukikikwaruza basi.

Ila kwa onyesho la bosi wa genge kuuawa alitaka kilio cha kweli, akaazima kamera ya Super 8 yenye sauti. Filamu ya kamera hiyo, nayo ya milimita 8, ilikuwa asetati, plastiki ya aina nyingine, na pembeni ina ukanda wa sumaku wa kushika sauti. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ya siki. Asidi hiyo ikifungiwa ndani ya kopo huzidi kuila filamu, na oksidi ya chuma iliyo kwenye ukanda huchochea. Na hilo kopo lilikaa kabatini miaka 25.

Akalifungua. Macho yalituwasha sote wawili. Filamu ilikuwa imebenuka kama ganda la mti lililokauka, na mzunguko wa nje ulipovutwa ukatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Tukanyoosha kipande mezani, kando yake kipande cha Fuji, tukalinganisha matundu. Picha 100 za filamu isiyonywea ni kama sentimita 42. Mimi nikihesabu kwa ncha ya kijiti cha kulia, yeye kashika taa. Tulipofika mwisho, kipande cha bosi kilikuwa kifupi kwa picha moja kamili. Asilimia 1. Kwa mnyweo huo meno ya projekta hayakamati tundu, yanachana.

Za Fuji, zile za bei ya kawaida alizokuwa hazijali, zilitoka safi kabisa.

Nikamwambia zipo skana zinazovuta filamu kwa roli zisizo na meno. Akauliza bei, nikamtajia, akarudisha kifuniko.

Nikasema basi sehemu hiyo ipigwe upya. Mwaka 1986 mwigizaji wa bosi alikuwa kijana wa miaka 22, nywele wakazitia poda ziwe na mvi. Sasa mvi anazo zake mwenyewe.

“Nilishamuuliza,” mzee akasema. “Ana mjukuu. Hataki kulala chini kwenye mvua.”