Nilivyoacha kushika raketi kama kikaango

Dabo folti 14 katika mechi moja. Binti yangu ndiye aliyezihesabu, akichora vijiti nyuma ya bahasha ya bili ya umeme kama karani wa magunia, kisha akanikabidhi bila neno. Kwa asiyeujua mchezo wa tenisi: anayeanzisha mpira ana nafasi mbili za kuutia kwenye kisanduku cha upande wa pili, na akikosa zote mbili pointi ni ya mpinzani; hiyo ndiyo dabo folti. Gemu moja inataka angalau pointi 4. Maana yake siku ile niliwapa watu gemu tatu na nusu bure, wao wamesimama tu, na sisi, mimi na mwenza wangu, tukafungwa kwa pointi mbili.

Nilianza tenisi nikiwa na miaka 41, hapa Columbus, Ohio. Kwetu Muheza sikuwahi kushika raketi. Tenisi niliijua kama mchezo wa nyuma ya uzio, wa wanachama wa klabu, huko Tanga mjini. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alipochukua taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, binti yangu akasema anataka kujifunza. Nikampeleka bustani ya umma karibu na tunapoishi. Viwanja vinne, sakafu ngumu yenye nyufa zilizoota majani, hakuna kiingilio, kibao kimoja tu kinasema ukikuta watu wanasubiri, cheza saa moja uwapishe. Yeye alichoka baada ya miezi miwili. Mimi nikanogewa.

Mwaka uliofuata nikajiunga na ligi ya watu wazima ya Chama cha Tenisi cha Marekani. Wana ngazi za uwezo za namba, kubwa ndiyo bora, na mgeni hujaza maswali akajipima mwenyewe. Nikajipa 3.0. Mwenza wangu alikuwa kijana wa Uvira, Kongo, fundi magari, ambaye Kiswahili chake na changu vilichukua wiki kadhaa kuelewana. Mechi zetu hazikuwa na mwamuzi. Kila upande unaamua mipira inayoangukia kwake, na ukiwa na shaka kama mpira umetoka, unahesabiwa umeingia. Hilo nililipenda sana. Mtu mzima anakwambia "umeingia" kwa mpira ambao angeweza kukudhulumu, na mchezo unaendelea.

Tatizo langu lilikuwa sevu, yaani mpigo wa kuanzisha mpira. Nilishika raketi kama kikaango, kiganja kikiwa nyuma ya mpini, uso wa raketi ukitazama mbele kama sahani. Kwa mshiko huo unaweza tu kuupiga mpira bapa. Sevu ya kwanza niliipiga kwa nguvu zote, ikatoka. Ya pili niliibembeleza kama napindua chapati, ama ikakwama wavuni, ama ikaelea polepole na mpinzani akasogea hatua mbili mbele kuisubiri. Mwenzangu alikuwa amesimama pale wavuni, mgongo wazi, anaungojea mpira ule urudi kama risasi. Siku moja akanigeukia (kwao "yaya" ni ndugu mkubwa): "Yaya, ile mupira unaiogopa juu ya nini?"

Nikaenda kwenye programu ya Jumamosi ya bustani ileile, dola 60 kwa wiki sita, watu wanane kiwanja kimoja. Kocha ni mama mmoja mstaafu, alikuwa mwalimu wa shule, sauti yake inafika hadi maegesho. Alitazama sevu zangu tatu akanyang'anya raketi. Akanipa mpira mkononi, akaniambia niurushe kwa mkono mtupu kutoka mstari wa nyuma, uvuke wavu, ufike uzio wa upande wa pili. Nikarusha. Ukagonga uzio juu kabisa. Akanyamaza, akanipa mwingine, nao ukafika.

"Umejifunzia wapi kurusha hivi?"

Nikamwambia: kupopoa maembe. Muheza mtoto asiyejua kupopoa embe hali embe, anaokota yaliyoanguka yenyewe. Huwezi kulipopoa embe huku umelikabili kifua wazi. Unasimama ubavu, kiwiko kinapanda kwanza na kuongoza, jiwe linabaki nyuma ya kichwa, mkono unafyatuka mwishoni. Kocha akacheka, akanirudishia raketi. Kumbe miaka yote hiyo mwili wangu ulijua kuanzisha mpira, na mimi nilikuwa nimesimama kama golikipa, uso kwa uso na wavu, nikiusukuma.

Kisha akabadilisha mshiko. Shika kama shoka, akasema, makali ya raketi yaelekee mpira, si uso wake, na dakika ya mwisho mkono utajigeuza wenyewe. Hapo raketi haigongi mpira bapa, inaukwangua ubavuni kidogo ukazunguka, na mpira unaozunguka hivyo hupinda ukashuka. Hii ndiyo siri ambayo nilikuwa siielewi. Kisanduku kina kina cha mita 6.4 tu kutoka wavuni, na wavu wenyewe katikati una sentimeta 91. Mpira bapa wenye kasi una upenyo mdogo mno wa kupita juu ya wavu na bado ukaangukia ndani. Ukizungushwa, unaweza kupita juu zaidi kwa raha, ukashuka wenyewe.

Kuelewa nilielewa siku hiyohiyo. Kufanya kulinichukua karibu miezi minne. Wiki za kwanza mipira ilikwenda kiwanja cha jirani, mmoja ulimpata mzee aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Nilinunua ndoo ya rangi iliyokwisha, nikaijaza mipira 40 iliyochakaa, na saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi nilikuwa uwanjani peke yangu (kabla wenye pikoboli, mchezo wa vibao na mpira wa plastiki, hawajafika, maana wakifika wanafika ishirini, na mistari yao imeshachorwa juu ya mistari yetu). Jioni nilifanya zoezi la kurusha mpira juu tu. Unalaza raketi chini mbele ya mguu wa kushoto, unanyanyua mpira kwa vidole bila kukunja kifundo, mkono umenyooka kama mtu anayepandisha glasi ya chai iliyojaa, unauacha uanguke. Ukiangukia kwenye nyuzi, umeurusha sawa. Watoto wa jirani walikuwa wananihesabia kwa sauti kwenye maegesho. Siku ya kwanza nilipata 3 kati ya 20.

Sharti la kocha lilikuwa moja: nisirudi kwenye kikaango hata siku moja, hata kwenye mechi. Nililivunja mara moja. Kila upande umeshinda seti moja, yaani fungu moja la gemu, na badala ya seti ya tatu tunacheza hadi pointi 10, ubao ni 8 kwa 8, zamu yangu kuanzisha. Moyo ukaniambia weka tu mpira ndani. Nikageuza mkono, nikabembeleza, ukarudishwa miguuni mwa kijana wa Uvira. Iliyofuata walianzisha wao, nayo ikaenda. 10 kwa 8. Hakuniuliza kitu, alikusanya chupa yake ya maji akaenda kwenye gari. Ile ya kutoulizwa iliniuma kuliko bahasha ya binti yangu.

Msimu uliofuata nilipiga dabo folti 4 kwenye mechi ya kwanza, 5 kwenye ya pili, mechi ya tatu mbili tu. Sevu yangu bado haimtishi mtu. Ila inaingia, na inapinda kidogo kumkimbia anayetumia mkono wa kulia, na mwenzangu pale wavuni akaanza kupata mipira laini ya kumalizia.

Desemba ngazi mpya zilipotolewa, yeye alipanda 3.5. Mimi nilibaki 3.0. Aliyepanda haruhusiwi kushuka kucheza ligi ya chini, lakini wa chini anaruhusiwa kucheza ya juu, kwa hiyo kanipigia simu: "Yaya, uje huku." Nimeshajiandikisha. Ndoo iko kwenye buti la gari, na mipira minane kati ya ile arobaini imekwisha upepo kabisa.